Maharagwe yananyauka yakianza maua: ni kuvu, ni inzi, au ni udongo wenyewe?

Mkulima wa Rongai (Nakuru)
Habari wadau. Nina ekari moja na nusu ya maharagwe aina ya Rosecoco. Yanaota vizuri, yanafunika ardhi, halafu yakikaribia kutoa maua majani ya chini yanageuka manjano, kisha ya juu. Mchana mche unalegea, jioni unajaribu kusimama, baadaye unakufa kabisa. Si shamba lote, ni viraka. Na kiraka cha msimu huu kiko palepale pa mwaka jana, ila kimepanuka kufuata mteremko ambako maji ya mvua hupitia.
Mbegu nilibadilisha, nikanunua ya pakiti yenye kibandiko cha KEPHIS, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali. Dawa ya kuvu nikanyunyiza kwenye majani kama nilivyoelekezwa dukani. Hakuna kilichobadilika. Dai langu ni hili: ugonjwa uko ardhini, na dawa ya kunyunyiza majani kwa tatizo hili ni pesa ya bure. Mwenye maoni tofauti aseme.

Mwana Bungoma
Ndugu, kabla ya kutafuta kuvu, jibu swali moja. Umeweka mbolea ya DAP kwa miaka mingapi mfululizo? Huku kwetu watu wameweka DAP msimu baada ya msimu mpaka udongo umekuwa chachu. Udongo chachu unafanya mizizi ya maharagwe kuwa mifupi na dhaifu, fosforasi inafungwa, na kila ugonjwa unaopita unapata mlango wazi. Pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo. Ikiwa chini ya 5.5, tafuta chokaa ya shambani kwanza, hayo mengine yatafuata.

Nyar Kano (Kisumu)
Mimi nasema ni maji. Udongo wetu mweusi wa Kano ukinyesha unashika maji siku nyingi, na maharagwe hayapendi kusimama ndani ya maji. Nilipoanza kupanda juu ya matuta, hasara ilipungua sana. Sikununua kitu chochote, ni jembe tu na mgongo.

Mwalimu wa Vihiga
Asante kwa kuanzisha uzi huu. Wengi humu ni vijana, hamkuona tulichokiona sisi miaka ya 1990. Vihiga na Kakamega maharagwe yalioza mizizi hadi familia nyingi zikaacha kuyapanda. Unapanda gorogoro (kopo la kupimia), unavuna chini ya ulichopanda. Sababu kubwa ilikuwa Pythium, ikisaidiana na Fusarium na wenzake, vimelea vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, na ilishamiri kwa sababu mashamba yetu ni madogo, tunapanda maharagwe mvua ndefu na mvua fupi, palepale, na rutuba imekwisha. Rosecoco ndiyo iliyoumia zaidi, kwa hiyo ndugu wa Rongai usishangae.
Kilichotuokoa ni aina za maharagwe zilizotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha KARI Kakamega, siku hizi KALRO: KK8, KK15, KK22. Hiyo KK ni Kakamega. KK22 ilitoka katika mbegu za Rwanda. Tukaongeza samadi na majani mabichi tuliyofukia, tukapandisha udongo kwenye shina wakati wa palizi. Maharagwe yakarudi mezani. Shauri langu ni fupi: achana na Rosecoco, panda KK.

Kijana wa Njoro
Shikamoo Mwalimu. Nakubali historia yote, ila kwenye shauri naomba tusikimbie. Aina za KK zilichaguliwa kwa ajili ya uozo wa mizizi, hasa Pythium. Alichoeleza ndugu wa Rongai, majani kuanza manjano chini na kupanda juu, viraka, mche mkubwa unaokaribia maua, kinafanana zaidi na mnyauko wa Fusarium oxysporum. Hayo ni magonjwa mawili. Aina inayostahimili moja haina ahadi yoyote kwa jingine.
Nasomea kilimo, na kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kutomhukumu mche kwa kuutazama umesimama. Ung'oe. Usiuvute kwa mkono ukaacha mizizi chini, chimbua na jembe, osha kwa maji, kisha chukua kisu.
Pasua shina kwa urefu kuanzia chini. Ukiona nyuzi za ndani, ile mishipa inayopandisha maji, zimegeuka kahawia au wekundu wa kutu huku nje shina likionekana zima, hiyo ni dalili ya mnyauko wa Fusarium. Kuvu imeingia kwa mizizi, imeziba mabomba ya maji, ndiyo maana mche unalegea hata ardhi ikiwa na unyevu. Dawa iliyonyunyizwa jani haishuki kufika huko, kwa hilo mwenye uzi amesema kweli.
Ukiona mizizi imelainika, ina maji, na ngozi yake inavuka ukiivuta kwa vidole na kubaki uzi wa katikati, fikiria Pythium. Hiyo hupenda miche michanga na ardhi iliyolowa.
Ukiona mzizi mkuu una mistari myekundu inayogeuka kahawia na kupasuka, lakini mishipa ya juu ni safi, huo ni uozo wa mizizi wa Fusarium solani, ndugu wa yule wa kwanza lakini tabia tofauti.
Na ukiona shina limevimba na kupasuka karibu na ardhi, pasua hapo. Kama kuna funza mweupe au vidonge vidogo vya kahawia chini ya ngozi, basi si kuvu kabisa, ni inzi wa maharagwe.
Ndugu wa Rongai, fanya hivyo kwa miche kutoka kingo za kiraka, si ile iliyokwisha kufa. Iliyokufa kila kitu kimeshaingia ndani, huwezi kujua nani alitangulia.

Mama Subukia
Mbegu ya pakiti isilaumiwe wala isisifiwe kupita kiasi. Mbegu safi ikipandwa kwenye ardhi chafu inaugua. Lakini mbegu ya sokoni iliyotoka shamba linalonyauka inapeleka ugonjwa kwenye shamba lililokuwa salama. Hayo mawili yote ni kweli kwa pamoja. Mimi hununua safi na kujiwekea kutoka sehemu isiyo na mche hata mmoja uliougua.

Mkulima wa Rongai (Nakuru)
Nimefanya alivyoelekeza Kijana wa Njoro, pande zote za kiraka. Upande wa juu, mishipa ni ya kahawia hadi karibu na tawi la kwanza, mizizi inaonekana nzuri. Upande wa chini, ambako nilichelewa kupanda, mashina yamevimba na nimekuta vile vidonge vya kahawia chini ya ngozi. Katikati kuna miche yenye vyote viwili.
Sasa nimejua zaidi na nimechanganyikiwa zaidi.

Mwana Bungoma
Umeona sasa? Udongo ungekuwa na afya usingekuwa na wageni wote hao kwa wakati mmoja.

Kijana wa Njoro
@Mwana Bungoma wewe ukiumwa jino utapima pH ya mdomo 😀
Lakini kuna ukweli katika unachosema. Mnyauko wa Fusarium huzidi udongo ukiwa chachu, na nitrojeni ya amonia, kama iliyo katika DAP, inausaidia kuliko ile ya naitreti. Kwa hiyo chokaa ina nafasi yake. Ila inzi haangalii pH. Inzi huzidi kwa waliochelewa kupanda, na upande uliochelewa ndio ulioumwa naye. Vidonda anavyoacha shinani na mizizini ni njia ya kuvu kuingia. Nani alianza hapo katikati, sidhani kama tutajua.

Duka la Pembejeo
Nimekaa kimya nikisoma wenye maduka tukisemwa. Naomba niseme machache. Mteja anakuja na jani moja mfukoni anasema maharagwe yanakauka, anataka dawa ya bei nafuu, basi linasubiri. Tungepata mche mzima wenye mizizi tungeshauri vizuri zaidi.
Pia mjue hakuna dawa moja ya kuvu zote. Metalaksili inapiga Pythium, kwa Fusarium haifanyi kitu. Kabendazimu inagusa Fusarium, kwa Pythium haifanyi kitu. Anayenunua moja bila kujua ana ugonjwa gani ana nafasi kubwa ya kukosea. Na zote mbili zina kazi zaidi kwenye mbegu kabla ya kupanda. Mche ukishalegea umechelewa. Kwa inzi vilevile, dawa ya kupaka mbegu ndiyo inayolinda zile wiki za kwanza, ambazo ndizo za hatari.

Mama Subukia
Asante kwa ukweli huo. Niongeze kwa wale wa mishiri (maharagwe ya maganda mabichi) ya kuuza nje: kabendazimu haijaidhinishwa tena Ulaya, na mzigo wako ukipimwa ikapatikana umepoteza soko. Mwenye kupanda za kula nyumbani naye afikirie watoto wake.

Mzee wa Molo
Vijana, tiba ya ardhi ni kuipumzisha na zao lingine. Sisi wa viazi tulifundishwa na mnyauko wa bakteria, ukirudia viazi palepale unavuna uozo. Weka mahindi, weka ngano, weka shayiri, maharagwe yarudi baada ya miaka mitatu au minne. Hakuna la ajabu.

Mwalimu wa Vihiga
Mzee, heshima zako. Mwenye robo ekari ya kulisha watu wanane atazungusha mazao kwenda wapi? Huku mahindi na maharagwe yako shimo moja. Shauri la mzunguko wa miaka minne linamfaa mwenye nafasi.

Kijana wa Njoro
Na hata mwenye nafasi, Mzee, mnyauko wa viazi ni bakteria, huu ni kuvu, haulali kwa namna ileile. Fusarium inatengeneza mbegu zake zenye ganda nene zinazokaa udongoni miaka mingi bila zao lolote. Halafu inaweza kuishi kwenye mizizi ya mimea mingine, hata ya nafaka, bila kuiumiza. Kwa hiyo mahindi yanapunguza wingi wake na kukupa nafuu, hayaifuti. Kwa uozo wa mizizi, mzunguko unasaidia zaidi kuliko kwa mnyauko.

Mzee wa Molo
Nafuu ndiyo ninayotaka. Aliyeahidi kufuta ni nani?

Omogaka wa Kisii
Samahani kwa kuingilia. Ndizi zangu za sukari zimekufa na Fusarium, nikaziondoa nikapanda maharagwe. Je, nimeyapeleka kwenye mdomo wa mamba?

Kijana wa Njoro
Hapana, mzee wangu. Ni Fusarium oxysporum zote, lakini kila kundi lina mmea wake. La ndizi haliui maharagwe, la maharagwe haliui nyanya, na la mbaazi ni Fusarium udum, jina jingine kabisa. Ila usirudishe ndizi za sukari hapo.

Shamba Hai (Kakamega)
Nimesoma yote. Mnazungumza kuhusu kuua kuvu, mimi nazungumza kuhusu kuijaza ardhi viumbe vingine. Kuna kuvu nzuri, Trichoderma, inayoshindana na hizi mbaya kwa chakula na nafasi, na nyingine hujizungusha juu yao na kuzila. Inauzwa kama unga. Mimi huichanganya na mboji iliyoiva na yenye unyevu, naiacha kivulini izaane, kisha naiweka kwenye mifereji ya kupandia. Miche iliyoko pale ina mizizi mingi zaidi na viraka vimepungua msimu hadi msimu.
Masharti yake watu hawayafuati. Usiiweke kwenye udongo mkavu. Usiiache juani. Na usipake mbegu kabendazimu halafu uweke Trichoderma pembeni, maana hiyo nayo ni kuvu na dawa itaiua kwanza yeye mlinzi.

Mwana Bungoma
Ulipoweka Trichoderma uliweka na mboji. Utajuaje ni ipi iliyosaidia? Uliacha mstari wa mboji peke yake?

Shamba Hai (Kakamega)
Swali zuri. Mstari wa mboji peke yake ulikuwepo na matokeo yake yalikuwa ya katikati, bora kuliko bila kitu, chini ya ile yenye Trichoderma. Ni shamba moja tu, simlazimishi mtu.

Duka la Pembejeo
Na iliyokaa rafuni kwenye joto miezi mingi inaweza kuwa imekufa ndani ya pakiti. Angalieni tarehe na mahali ilipowekwa.

Bibi wa Luanda
Majivu yakiwekwa kwenye shimo je? Mama yangu alifanya hivyo.

Mwana Bungoma
Majivu yanapunguza uchachu na yana potasiamu, mama alijua alichofanya. Tatizo ni wingi, ya jiko moja hayatoshi shamba. Ndiyo narudia chokaa. Ile inayotoka Koru haiko mbali na ninyi. Weka wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo. Na pima kwanza, chokaa ikizidi nayo inafunga virutubisho vingine.

Mama Subukia
Kuna jambo hamjaligusa. Mizizi yenye vinundu. Nimeona watu wanang'oa maharagwe mazima wakidhani vinundu ni ugonjwa. Kinundu kizuri kinabanduka ukikigusa kwa kidole, na ukikikata ndani ni cha waridi, hicho ndicho kinachotengeneza nitrojeni. Uvimbe usiobanduka, ambao ni mzizi wenyewe umenenepa, ni minyoo ya mizizi. Na minyoo hiyo ikitoboa mizizi, Fusarium inaingia kirahisi. Ndugu wa Rongai, uliangalia?

Mkulima wa Rongai (Nakuru)
Vipo vinavyobanduka, vichache. Vya kunenepa sijaona.

Mama Subukia
Basi hilo limetoka kwenye orodha. Vichache vinaungana na hoja ya Bungoma, uchachu unapunguza vinundu.

Nyar Kano (Kisumu)
Mwalimu wa Vihiga, turudi kwa KK15. Mbona mnaisifu na sokoni hamuileti? Ni nyeusi tii, ukipika nyoyo (mahindi na maharagwe pamoja) mchuzi wote unakuwa kama wino. Watoto wangu waliuliza nimeweka nini ndani ya sufuria.

Mwalimu wa Vihiga
Dada, njaa ya miaka ile ilitufundisha kula weusi wake. Inavumilia, inazaa, na ukimwaga maji ya kwanza rangi inapungua. Lakini ni kweli mnunuzi anataka aina za Rosecoco na Wairimu, na hapo ndipo wakulima wengi waliporudi nyuma. Asiyetaka nyeusi achukue KK8, ina madoa mekundu, mnunuzi haikatai sana.

Nyar Kano (Kisumu)
Nitajaribu KK8. Nyeusi nakuachia wewe na wajukuu.

Mkulima wa Rongai (Nakuru)
Nashukuru kwa michango. Msimu ujao nafikiria hivi: kiraka chote kipandwe mahindi bila maharagwe. Sehemu iliyobaki nipande mapema mvua ikianza, mbegu iliyopakwa dawa ya inzi, mistari kadhaa ya aina nyingine kando ya Rosecoco nione. Mfereji wa kuzuia maji yasitoke kwenye kiraka kwenda chini. Jembe nioshe nikitoka pale. Udongo nitapeleka kupimwa.
Swali langu lililobaki ni mabaki. Miche iliyonyauka mke wangu huwapa ng'ombe, na samadi tunarudisha shambani. Ni sawa?

Shamba Hai (Kakamega)
Si sawa kama samadi inarudi mbichi. Irundike, iloweshe, igeuze, ipate joto la kuchoma mkono hadi katikati, ikae mpaka isitambulike ilikuwa nini. Hapo naiamini.

Mzee wa Molo
Mimi ningechoma miche hiyo. Ng'ombe ana nyasi.

Mwalimu wa Vihiga
Kwetu nyasi zenyewe hakuna, Mzee. Samadi iliyoiva vizuri inatosha. Ukichoma kila kitu udongo utakula nini?

Mzee wa Molo
Sikusema kila kitu, nimesema iliyougua. Na hapo sibadiliki.

Mkulima wa Ndhiwa
Naona mnajua mashina, nisaidieni na mimi. Njugu karanga zangu zinanyauka tawi moja moja, na chini ya shina penye udongo kuna utando mweupe kama pamba, na vipunje vidogo vya kahawia. Nilipandisha udongo shinani wakati wa palizi kama mlivyosema kwa maharagwe, ikazidi.

Kijana wa Njoro
Acha kupandisha udongo mara moja. Huo utando na vipunje vya ukubwa wa haradali ni Sclerotium rolfsii. Yenyewe inapanda kutoka juu ya udongo na majani yaliyooza, ukifunika shina unaipelekea chakula. Maharagwe hupandishiwa ili yatoe mizizi mipya juu ya ile iliyooza au kuliwa na funza. Njugu palilia bila kusukuma udongo kwenye shina, toa miche iliyougua pamoja na udongo wa juu uliouzunguka, na msimu ujao lima kwa kina ufukie mabaki ya juu.

Nyar Kano (Kisumu)
Na sisi tuliochanganya njugu na maharagwe mstari kwa mstari?

Kijana wa Njoro
Hiyo Sclerotium inashika maharagwe pia. Kwa hiyo kagua shina kwanza. Penye utando mweupe usipandishe udongo kwa zao lolote. Pasipo na utando, pandishia maharagwe peke yake.

Mwana Bungoma
Na pima pH.